Papa shilingi wa futi 60: namna ya kumpima bila kumgusa

Swali: "Mimi ni nahodha wa mashua ya watalii hapa Shela, Lamu. Mwezi wa Januari, asubuhi bahari imetulia, papa shilingi alitupita ubavuni. Mashua yangu ni futi 28. Pua yake ilifika omo, yaani mbele ya mashua, na mkia ulikuwa bado nyuma ya tezi, mwisho wa mashua. Mabaharia wangu wanaapa alikuwa futi 60, na mgeni mmoja akasema tumeona samaki wa rekodi. Je, yawezekana? Na akirudi, nimpimeje ili watu waniamini?"

Nahodha, futi 60 ni mita 18.3. Papa shilingi (whale shark) mrefu kuliko wote ambaye kipimo chake wanasayansi wanakikubali ni wa mita 18.8, aliyenaswa Bahari ya Arabuni mwaka 2001. Mabaharia wako basi wanasema mlimwona samaki aliyepungukiwa na nusu mita tu kumfikia huyo. Maelezo yako yanathibitisha jambo dogo zaidi, ila ni jambo la maana: kama kweli pua ilikuwa omo na mkia nyuma ya tezi kwa wakati mmoja, samaki huyo alizidi mita 8.5. Kwa pwani yetu hilo si dogo hata kidogo. Papa shilingi wengi wanaokusanyika karibu na nchi kavu, wakiwemo wale wa kisiwa cha Mafia, Tanzania, wanaofuata uduvi kuanzia Oktoba hadi Machi, ni madume machanga wa mita 4 hadi 9. Mimi ningeweka wako kati ya mita 9 na 10, na singeandika hata hilo kwenye daftari bila kipimo.

Mabaharia wako hawakudanganya. Macho ndiyo yaliyowaponza, na kuna sababu tatu. Ya kwanza ni maji. Aliyevaa miwani ya kuzamia huona kila kitu kikubwa kwa karibu theluthi moja, kwa hiyo samaki wa mita 9 anamjia kama wa mita 12. Aliyebaki chomboni naye hayuko salama, kwa sababu maji humpandisha samaki: aliye mita 4 chini huonekana kama yuko mita 3, na kilicho karibu huonekana kikubwa. Ya pili ni mpangilio wa kutazama. Papa shilingi huenda polepole, yapata mita moja kwa sekunde. Ukiuona mkia kwanza, ukageuza shingo kuitafuta pua, na zikapita sekunde mbili, umeshamwongezea mita 2 ambazo hana. Ukianza na pua utampunguzia kiasi hichohicho, lakini watu wengi hukumbuka ule upande wa kuongeza. Ya tatu ni maji machafu. Mto Tana ukishusha tope Ghuba ya Ungwana, au mto Sabaki ukiyageuza maji ya Malindi kuwa rangi ya chai, mwili hauonekani mzima. Unaona kichwa, halafu kiza, halafu mkia, na akili inajaza pale katikati inavyotaka.

Hata rekodi zilizochapishwa zimeumia kwa njia hii. Kuna samaki wa Taiwan wa mwaka 1987 anayetajwa kuwa na mita 20 na tani 34. Mlinganishe na yule wa Karachi, aliyekamatwa karibu na kisiwa cha Baba tarehe 11 Novemba 1949: urefu mita 12.65, mzingo wa mwili mita 7, na uzito uliokadiriwa kuwa tani 21.5 hivi. Mnyama mwenye umbo lilelile akiongezeka urefu mara mbili, uzito wake huongezeka mara nane, kwa sababu anapanuka na kunenepa pia. Mvute yule wa Karachi hadi mita 20 na utapata karibu tani 85. Tani 34 zinampa samaki wa mita 15, si 20. Moja ya namba hizo mbili ina kasoro, na hakuna tena wa kumuuliza. Hesabu hii iweke kichwani, itakusaidia kila unapoletewa habari ya samaki mkubwa mno: omba urefu na uzito pamoja, kisha uone kama vinakubaliana.

Kabla ya kupima, kubalianeni mnapima nini. Urefu mzima wa papa ni mstari ulionyooka kutoka ncha ya pua hadi ncha ya juu ya mkia. Papa shilingi kinywa chake kiko mbele kabisa, hakiko chini ya pua kama kwa papa wengine, kwa hiyo mwanzo wa kipimo ni mdomo wa juu wenyewe. Tepu isipite juu ya mgongo kufuata mwili. Hapo ndipo samaki hurefuka akiwa amelala tu. Nyangumi ni habari nyingine: yeye hupimwa kutoka ncha ya taya la juu hadi ule mkato ulio katikati ya mkia. Kama kuna shaka mlichoona ni kipi, mkia utawaambia. Wa nyangumi umelala na hupiga juu na chini, wa papa umesimama na hupiga kushoto na kulia. Na nyangumi wenye nundu tunaowaona nje ya Malindi na Watamu hupita wakati wa kusi, Julai hadi Septemba hasa, si Januari.

Sasa njia. Kwa nahodha asiye na vifaa, iliyo bora ni ya mistari miwili na saa. Haihitaji mtu kuingia majini na haijali samaki yuko kina gani.

Tafuta fito mbili zilizonyooka, kila moja mita 2 na ushei. Zilaze kukingama mashua, moja upande wa omo na nyingine upande wa tezi, zichomoze ubavuni kuelekea bahari. Kila ufito upigilie msumari mmoja ncha ya ndani na mmoja ncha ya nje, misumari ya kila ufito iachane mita 2 kamili. Umbali kati ya fito uwe mita 5 kamili kwenye misumari ya ndani, na mita 5 kamili kwenye misumari ya nje. Kisha pima mishazari yote miwili, kama fundi anavyonyoosha msingi wa nyumba. Ikilingana, fito zimekaa sawa. Usiipuuze hatua hii. Ncha za nje zikiachana kwa sentimita 10 zaidi ya zile za ndani, basi mita 3 mbele yake, kule aliko samaki, mstari wako wa mita 5 umekuwa mita 5.25, na kila kipimo kitakosea kwa asilimia 5.

Kwenye kila ufito mweke mtu mmoja mwenye simu. Anaishika simu nyuma ya msumari wa ndani, anaulinganisha na ule wa nje, na anarekodi video bila kuisogeza. Simu zote mbili zikishaanza, piga kofi moja la nguvu. Sauti ya kofi ndiyo itakayokuwezesha kuzipatanisha baadaye. Mashua izimwe injini, iachwe ielee. Samaki akipita sambamba, mtapata nyakati tatu: pua ilipovuka mstari wa kwanza, pua ilipovuka mstari wa pili, na ncha ya mkia ilipovuka mstari wa kwanza. Ukichukua sekunde za pua hadi mkia kwenye mstari wa kwanza, ukazigawanya kwa sekunde ambazo pua ilitumia kati ya mistari miwili, kisha ukazidisha kwa 5, unapata urefu kwa mita. Mfano: pua imetoka mstari hadi mstari kwa sekunde 6, na mwili mzima umepita mstari wa kwanza kwa sekunde 11. Kumi na moja gawanya kwa sita, mara tano, ni mita 9.2.

Uzuri wa njia hii ni kwamba mkondo hauiharibu. Samaki na chombo wakichukuliwa pamoja, au chombo kikitia nanga na samaki akapita, kinachohesabika ni mwendo wake ukilinganishwa na mashua, mradi usibadilike katikati. Upepo ndio adui, kwa sababu unaisukuma mashua na kumwacha samaki. Fanyeni kazi hii asubuhi mapema, kabla kaskazi haijaamka. Akipunguza mwendo, akizama, au akigeuka kuitazama mashua, futa kipimo hicho bila huruma. Akipita mshazari kwa nyuzi 20 utampunguzia asilimia 6; kwa nyuzi 30 ni asilimia 13. Mkia wenyewe unayumba, hivyo subiri ncha yake ya juu ivuke, usihesabu pale shina la mkia linapopita. Wala usitegemee kuhesabu kwa mdomo au kubonyeza saa kwa kidole, maana mkono wa mtu huchelewa karibu robo sekunde kila mara. Video ya kawaida ina picha 30 kwa sekunde, inatosha kabisa.

Njia ya pili ni tepu na waogeleaji wawili. Tumia tepu ya plastiki ya mafundi, ya mita 20 au 30. Kamba ya nailoni huvutika, na kamba ya makumbi hubadilika urefu ikilowa, kwa hiyo ziacheni. Mmoja analingana na pua, mwingine na ncha ya mkia, wote upande mmoja, tepu imekazwa kati yao sambamba na mwili. Acheni mita 3 kutoka ubavuni na mita 4 kutoka mkiani. Pigo la mkia wa samaki wa tani kadhaa linavunja mbavu. Wa nyuma ndiye anayetoa ishara, na wa mbele anasoma namba palepale. Tatizo kubwa ni kwamba waogeleaji hushindwa kumfuata wakiwa wamenyooka: wa mbele anatangulia, tepu inapinda kwa mkondo, na namba inakua. Chukueni vipimo vitatu. Mkipata 9.8, 10.4 na 9.9, andikeni mita 10 na kosa la nusu mita, na ziandikeni zote tatu.

Droni ni nzuri sana ikiwa una kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na umewaarifu wanaohusika na usalama, jambo ambalo Lamu halina mjadala. Kamera itazame chini wima kabisa, na mashua yako iwe kwenye picha hiyohiyo kama kipimo. Mashua ya mita 9 ikichukua pikseli 450 na samaki 540, hesabu ya haraka inampa mita 10.8. Lakini mashua iko juu ya maji na samaki yuko chini. Droni ikiwa mita 30 juu na samaki mita 2 chini, ambazo kwa sababu ya maji huonekana kama 1.5, ongeza asilimia 5: anakuwa mita 11.3. Kwa droni, kinyume cha macho, kosa la kawaida ni kumpunguza. Leza mbili zilizofungwa pembeni mwa kamera, nusu mita kutoka moja hadi nyingine, ndizo wanazotumia watafiti wengi. Nukta zake mbili ubavuni mwa samaki huwa rula. Kabla ya kila safari zipigwe ukutani kwa umbali wa mita 3, 5 na 10, na nukta ziachane sentimita 50 kila mara. Ila kwa mashua ya watalii singekushauri uanze na leza, maana ikimpata mtu jichoni ni balaa.

Njia yoyote utakayoichagua, usimfukuze. Mkaribie kwa ubavu, toa gia ukiwa mbali, mwache yeye aje. Usimkatie njia mbele. Panga la injini limeacha makovu kwenye migongo ya wengi wao, na samaki aliyefukuzwa huzama. Hapo umepoteza kipimo, umepoteza wageni, na yeye amepoteza chakula chake cha asubuhi.

Kuna jambo ambalo ningependa ulipe uzito kuliko hata mita, nalo ni jinsia. Nimesema wengi wa pwani ni madume machanga. Dume hupevuka akifika kama mita 8 au 9, jike huwa mkubwa zaidi, na majike wakubwa ni nadra mno kuonekana. Ni sehemu chache duniani, kama kisiwa cha Darwin huko Galápagos, wanakoonekana mara kwa mara. Karibu kila tunachojua kuhusu uzazi wao kinatoka kwa jike mmoja aliyekamatwa Taiwan mwaka 1995: mita 10.6, tani 16, na tumboni vijusi 300, wengine sentimita 42, wakubwa 64. Wanakozalia hasa hakujulikani. Jike wa mita 10 aliyepigwa picha hai nje ya Lamu ni habari kubwa kuliko dume wa futi 60 wa kusimuliwa. Kumtambua ni rahisi kwa anayepiga mbizi upande wa chini, nyuma ya mapezi ya tumboni: dume ana viungo viwili virefu kama vidole vinavyoelekea mkiani, jike hana. Asiyeviona kwa hakika aandike "haijulikani".

Na mpige picha ubavu wa kushoto, pale nyuma ya matamvua na juu ya pezi la ubavuni. Wazee wa pwani walisema Mungu alimmwagia samaki huyu shilingi mgongoni, ndipo akapata jina. Shilingi hizo hazifanani kwa samaki wawili, kama vile alama za vidole vyetu. Watafiti huzilinganisha kwa programu iliyotokana na hesabu za kulinganisha ramani za nyota, na samaki aliyepigwa picha Mafia anaweza kutambuliwa Lamu au Djibouti miaka kumi baadaye. Picha ichukuliwe kwa upande kabisa, matamvua yote matano yaonekane, bila mwanga wa flashi. Ukiweza upige na wa kulia, lakini kushoto ndiko kunakotumika kwanza.

Pengine utakutana naye akiwa amekufa, jarife limemzonga au bamvua imemtupa ufukweni. Hapo pima kabla kisu hakijagusa. Chomeka kijiti mchangani sambamba na pua, kingine sambamba na ncha ya mkia, mnyooshe mwili kadiri inavyowezekana, kisha upime kati ya vijiti kwa tepu iliyolala mchangani. Pima pia kutoka pua hadi mwanzo wa pezi la kwanza la mgongoni, kwa sababu mkia ukiwa umekatika au umeoza, kipimo hicho kitabaki. Mzingo uchukue nyuma ya mapezi ya ubavuni, na uandike kama tumbo limevimba. Uzito usiubuni. Mjulishe ofisa wa KWS (shirika la wanyamapori) wa Lamu au Malindi siku hiyohiyo, na watafiti wa KMFRI (taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi) wapate kipande kidogo cha nyama au ngozi. Silikanti, yule samaki wa kale aliyedhaniwa ametoweka, wa kwanza kujulikana Kenya aliingia kwenye kumbukumbu hivyohivyo: trola, meli ya kukokota nyavu, lilimnasa nje ya Malindi Aprili 2001, akapimwa mita 1.7 na kilo 77, na mwili ukahifadhiwa badala ya kwenda sokoni.

Kwenye daftari andika tarehe, saa, mahali kwa GPS ya simu, kina cha maji, upepo, njia mliyotumia na majina ya waliopima. Andika namba ghafi, yaani zile sekunde 6 na 11, si jibu tu la mita 9.2, ili mwingine aweze kuikagua hesabu. Video zote mbili zihifadhiwe nzima bila kukatwa, kofi likisikika. Na mpimeni kila mmoja anayepita, hata huyo wa mita 5 ambaye wageni hawamjali. Akirudi kaskazi ijayo na shilingi zilezile ubavuni, mtajua amekua kiasi gani.